Kujenga programu ya man kutoka chanzo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

man ni programu inayoonyesha kurasa za mwongozo wa amri kwenye terminali. Maelezo haya ni ya wanaotumia Linux au BSD hapa Uganda: mwanafunzi aliye kwenye seva ya chuo bila nywila ya root (akaunti ya msimamizi mkuu), msimamizi wa maabara yenye kompyuta za mtumba, na yeyote anayelipia intaneti kwa bando na anataka kurasa za mwongozo zikae ndani ya mashine yake, azisome hata siku mtandao haupo. Amri zote ni za mtumiaji wa kawaida, isipokuwa pale tulipotaja root.

Kwani kuna haja gani ya kujenga mwenyewe?

Mara nyingi hakuna. Kama una root na mashine iko kwenye Debian au Ubuntu, `apt install man-db manpages` inatosha, na tunakushauri uishie hapo. Jenga kutoka chanzo ikiwa huna root, ikiwa mfumo wako ni wa zamani na haupokei tena vifurushi vipya, ikiwa unajenga mfumo mzima kuanzia sifuri, au ikiwa unataka kujaribu toleo jipya bila kuligusa lile linalotumiwa na wenzako.

Kanuni tunayoisisitiza kuliko zote: usiandike juu ya `/usr/bin/man`. Faili hilo ni mali ya msimamizi wa vifurushi. Ukiliweka lako juu yake, sasisho lijalo litalifuta, au vyote viwili vitabaki nusunusu. Weka kazi yako kwenye saraka yake yenyewe, kisha uitangulize kwenye `PATH` (orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa).

Nichague man-db au mandoc?

Hizi ndizo mbili zinazotunzwa vizuri leo. man-db, inayosimamiwa na Colin Watson tangu 2001, ndiyo iliyomo katika Debian, Ubuntu na Fedora. Yenyewe haipangi maandishi. Kazi yake ni kulitafuta faili, kulifungua kama limebanwa, kulipitisha kwa groff (programu inayopanga maandishi) na kulikabidhi kwa `less` (kisomaji cha kurasa kwenye skrini). Kwa hiyo unahitaji vitu vinne: man-db, groff, libpipeline, na maktaba ya hifadhidata, kwa kawaida gdbm.

mandoc ilianzishwa na Kristaps Dzonsons mwaka 2008 na sasa inatunzwa na Ingo Schwarze wa OpenBSD. Hii inapanga maandishi yenyewe na haiihitaji groff hata kidogo. Inachohitaji ni kompaila ya C na zlib, basi. OpenBSD, Alpine na Void zinaitumia.

Kwa mashine dhaifu au bando dogo, chukua mandoc. Inajengwa haraka mno. Mipaka yake ni miwili: inasoma kurasa zilizobanwa kwa gzip lakini si kwa xz wala bzip2, na inaelewa sehemu tu ya roff, lugha ambayo kurasa huandikwa, hivyo ukurasa wenye michoro ya pic hautatoka sawa. Ukihitaji kuchapisha vitabu au nyaraka nyingine kwa roff, huna budi kuwa na groff.

Bando kiasi gani litatumika?

Kifurushi cha groff 1.23.0 ni karibu MB 7, man-db karibu MB 2, libpipeline na gdbm karibu MB 1 kila kimoja. Jumla isizidi MB 12. mandoc 1.14.6 ni chini ya MB 1. Kwenye Debian na Ubuntu groff-base kwa kawaida imo tayari (angalia kwa `groff --version`), kwa hiyo MB 7 za groff huenda usizihitaji.

Pakua kwa `wget -c`. Herufi hiyo `-c` inaendeleza upakuaji pale ulipokatikia badala ya kuanza upya, na kwa mtandao wa simu inaokoa pesa. Chukua tarbali ya toleo (faili moja lililobanwa lenye chanzo chote), usichukue nakala ya git. Ukichukua git utatakiwa kuendesha `./bootstrap`, ambayo inapakua gnulib nzima na kudai automake, gettext na vinginevyo. Tarbali ina `configure` iliyo tayari.

Nafasi kwenye diski ndiyo inayowashangaza wengi: wakati wa kujengwa, groff hula zaidi ya MB 100 na man-db karibu MB 45. Kama chuo kimekuwekea kikomo cha nafasi, angalia kwa `quota` kabla ya kuanza.

Nihitaji zana gani kabla?

Kompaila ya C (gcc au clang), make, pkg-config, na kwa groff kompaila ya C++ pia. Ukiona `no acceptable C compiler found in $PATH`, hakuna gcc; mwombe msimamizi aweke `build-essential`. Akiwa tayari kukusaidia, mwombe pia `libpipeline-dev`, `libgdbm-dev` na `zlib1g-dev`. Hapo kazi inapungua nusu, kwa sababu libpipeline na gdbm hutazijenga.

Hatua za man-db ni zipi, bila root?

Hatua hizi zinachukulia kuwa groff imo tayari. Badilisha namba za matoleo kulingana na ulichopakua. Jina la saraka lisiwe na nafasi ndani yake, kwa sababu skripti za configure hazivumilii nafasi.

```
export P=$HOME/opt/man
mkdir -p $HOME/src && cd $HOME/src

tar xf libpipeline-1.5.7.tar.gz
cd libpipeline-1.5.7
./configure --prefix=$P && make && make install
cd ..

tar xf gdbm-1.24.tar.gz
cd gdbm-1.24
./configure --prefix=$P && make && make install
cd ..

export PKG_CONFIG_PATH=$P/lib/pkgconfig
export CPPFLAGS="-I$P/include"
export LDFLAGS="-L$P/lib -Wl,-rpath,$P/lib"

tar xf man-db-2.13.0.tar.xz
cd man-db-2.13.0
./configure --prefix=$P --localstatedir=$P/var \
  --with-config-file=$P/etc/man_db.conf \
  --disable-setuid --disable-cache-owner \
  --with-systemdtmpfilesdir=$P/lib/tmpfiles.d \
  --with-systemdsystemunitdir=$P/lib/systemd/system
make && make check && make install
```

Kila chaguo hapo lina sababu. Bila `--disable-setuid` na `--disable-cache-owner`, usakinishaji utajaribu kuyakabidhi mafaili kwa mtumiaji aitwaye `man`, na wewe huna mamlaka hayo. Amri ya `chown` itagoma na make itasimama. Zile mbili za systemd zisipokuwepo, make itajaribu kuandika ndani ya `/usr/lib` na utaambiwa `Permission denied` kazi ikiwa imebaki kidogo tu kwisha.

Kisha ongeza kwenye `~/.bashrc` au `~/.profile`:

```
export PATH=$HOME/opt/man/bin:$PATH
```

Fungua terminali mpya na uandike `type -a man`. Ya kwako itokee juu. Ukiendelea kwenye terminali ileile ya zamani, endesha `hash -r` kwanza, maana bash inakumbuka njia ya zamani na itakupeleka kule ilikozoea.

Ukiwa na root na unasakinisha kwenye `/usr/local`, fanya configure na make kama mtumiaji wa kawaida. Amri ya `sudo` itumike kwenye `make install` peke yake.

configure inasema `Package requirements (libpipeline …) were not met`, nami nimeshaijenga.

pkg-config haijui ulikoiweka. Endesha `ls $P/lib/pkgconfig` uone kama kuna `libpipeline.pc`. Kwenye mifumo mingine faili huingia `lib64`, na hapo `PKG_CONFIG_PATH` ibadilike iendane. Kosa lingine la kawaida ni kufungua terminali mpya katikati ya kazi: `export` zote za juu zimepotea, ziandike tena.

`Fatal: no supported database library/header found` inamaanisha nini?

gdbm haikuonekana. Ama haipo, ama `CPPFLAGS` na `LDFLAGS` hazikuwekwa. Ukiwa kwenye Debian angalia vizuri: `libgdbm6` peke yake haitoshi, kwa sababu haina faili la `gdbm.h`. Hilo linakuja na `libgdbm-dev`. Undani wa kosa lolote la configure umo kwenye `config.log`, tafuta humo jina la kitu kilichokosekana, usitegemee mstari wa mwisho uliouona kwenye skrini.

Imejengwa vizuri, lakini ikiendeshwa inasema `error while loading shared libraries: libpipeline.so.1`.

Ulisahau `-Wl,-rpath`. Wakati wa kujenga, kiunganishi (linker) kilizipata maktaba kwa `-L`, lakini njia hiyo haikuandikwa ndani ya programu. Dawa ya kudumu ni kuweka `LDFLAGS` kama ilivyo hapo juu, kisha `make clean`, configure na make upya. Kwa root aliyeweka `/usr/local`, mara nyingi `ldconfig` moja inatosha.

Nilileta chanzo kwa flashi, sasa configure haikubali kuendeshwa.

Flashi nyingi zina FAT32 au exFAT. Mifumo hiyo haihifadhi ruhusa za kuendesha faili wala viungo vya ishara, na FAT hutunza saa ya faili kwa hatua za sekunde 2. Matokeo yake ni `Permission denied` kwenye `./configure`, au make inayoona `configure.ac` kuwa mpya kuliko `configure` na kuanza kudai `aclocal` usiyokuwa nayo.

Beba tarbali yenyewe kwenye flashi, bila kuifungua. Ifungue ukishainakili kwenye diski ya mashine. Kama ulishafungua kwenye flashi, futa saraka hiyo uanze upya. Kuinakili saraka kutoka kwenye flashi hakurudishi kilichopotea.

`newly created file is older than distributed files! Check your system clock`

Hili tunaliona sana kwenye kompyuta za mtumba. Betri ndogo ya ubao mama imekufa, kwa hiyo kila mashine inapozimwa saa inarudi nyuma miaka mingi. configure inatengeneza faili leo, mashine inaliandika tarehe ya miaka kumi iliyopita, na mpangilio mzima wa make unavurugika. Ndugu yake ni onyo la `Clock skew detected. Your build may be incomplete.`

Rekebisha saa kwanza (`sudo date -s "2025-03-14 09:30"`, au acha mtandao uirekebishe), futa saraka ya chanzo, ifungue tena. Usijaribu kuendelea pale ulipofika, kwa kuwa baadhi ya mafaili yana tarehe za uongo. Kisha badilisha betri: ni CR2032 ya volti 3 kwenye mashine nyingi za mezani. Saa mbovu itakusumbua na kwenye tovuti za https pia, hivyo hata `wget` itakataa vyeti.

Umeme umekatika katikati ya make. Nianze upya?

Kwa kawaida hapana. Andika `make` tena, nayo itaendelea na mafaili yaliyobaki. Tatizo ni faili lililokuwa likiandikwa wakati huohuo: linaweza kubaki na ukubwa wa sifuri lakini tarehe mpya, na make ikadhani limekamilika. Baadaye kiunganishi kitalalamika `file truncated` au `file format not recognized`. Safisha hivi:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
make
```

Ikiendelea kulalamika, `make clean && make`. Ukikatika wakati wa `make install`, rudia amri hiyo; haidhuru kuiendesha mara mbili.

Na mandoc inajengwaje?

`configure` ya mandoc si ile ya autoconf, hivyo kuiandikia `--prefix` hakusaidii kitu. Inasoma faili la `configure.local` unaloandika mwenyewe ndani ya saraka ya chanzo:

```
PREFIX="/home/jina/opt/mandoc"
MANDIR="/home/jina/opt/mandoc/share/man"
MANPATH_DEFAULT="/usr/share/man:/usr/local/share/man"
UTF8_LOCALE="C.UTF-8"
BINM_MAN=mman
BINM_APROPOS=mapropos
BINM_WHATIS=mwhatis
```

Halafu `./configure`, `make`, `make install`. Mistari ya BINM inaipa programu majina mengine ili isigongane na man ya mfumo: utaandika `mman ls`. Ukitaka ichukue nafasi kabisa, iondoe mistari hiyo.

Mstari wa `UTF8_LOCALE` usiudharau. configure inajaribu lokali (mpangilio wa lugha na nchi) moja kuona kama herufi pana zinafanya kazi, na kwenye seva iliyowekewa vitu vichache tu, lokali hiyo huenda haipo. Ikikosekana, mandoc inajengwa bila UTF-8, nawe utagundua baadaye sana. Soma matokeo ya majaribio yanayotokea kwenye skrini kabla ya make. Ni mistari michache.

Kila ukurasa ninaouomba unajibiwa `No manual entry`.

Programu ya man na kurasa zenyewe ni vitu viwili tofauti. Kujenga man-db kunakupa kurasa za man-db tu. Za `open`, `printf` ya C na nyinginezo za sehemu ya 2 na ya 3 zinatoka mradi wa Linux man-pages, na kurasa za `ls` zinakuja na coreutils.

Kwanza endesha `manpath` uone saraka zinazotafutwa. man-db hukisia kutokana na `PATH`: ikiwepo `/x/bin`, itaangalia pia `/x/share/man`. Ukiwa umeweka `MANPATH` kwa mkono, orodha yako inafuta makisio yote, isipokuwa ukiianza au kuimalizia kwa nukta mbili, mfano `MANPATH=$HOME/kurasa:`. Nukta mbili hizo zinasema «ongeza na za mfumo». Kusahaulika kwake ndiyo sababu ya nusu ya malalamiko haya.

Kwenye kontena la Docker la Debian (aina ya slim) au Ubuntu sababu ni nyingine: dpkg imeagizwa isiweke kabisa `/usr/share/man`. Agizo limo kwenye `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`. Liondoe, kisha usakinishe upya vifurushi unavyotaka kusoma kurasa zake. Alpine nayo inatenga kurasa kwenye vifurushi vyenye `-doc` mwishoni mwa jina.

`apropos` inasema `nothing appropriate`.

Faharasa haijatengenezwa. Kwa man-db endesha `mandb`, kwa mandoc `makewhatis`. Kwenye diski ya zamani inaweza kuchukua dakika kadhaa, iache imalize. Maonyo ya `whatis parse for … failed` ni ya kurasa zilizoandikwa vibaya na hayazuii nyingine.

Naona `ESC[1m` kila mahali.

Kisomaji chako ni `more`, au `less` isiyo na `-R`. Weka `export PAGER=less`, na kama umeweka `LESS` mwenyewe, hakikisha ina `R`.

Nimenakili chaguo kutoka kwenye ukurasa, amri ikakataa.

Kistari ulichonakili si kistari cha ASCII. groff 1.23 inakichukulia `-` cha kawaida kama kiungio cha maneno na kukitoa kama herufi nyingine ya Unicode inayofanana nacho machoni. Hata kutafuta `/-r` ndani ya less hakupati kitu. Ongeza hii kwenye `man.local` na `mdoc.local`, zilizomo `share/groff/site-tmac` chini ya saraka ulikosakinisha groff:

```
.if '\*[.T]'utf8' .char - \-
```

Kurasa zilizochapishwa zimekaa vibaya kwenye karatasi.

groff imejengwa ikidhani karatasi ni ya Kimarekani, mm 216 kwa 279. Yetu ni A4. Anza hivi: `PAGE=A4 ./configure --prefix=$P`.

Nitaiondoaje?

Kama ulifuata ushauri wa saraka ya pekee: `rm -r $HOME/opt/man`, futa mstari wa `PATH`, kwisha. Uliyeweka `/usr/local`, rudi kwenye chanzo kilekile na `sudo make uninstall`, kwa hiyo usikifute chanzo.

Naweza kuweka `LANG=sw_UG.UTF-8` na kuandika kurasa zangu kwa Kiswahili?

Kuandika, ndiyo, na tungependa wengi wafanye hivyo. Lakini lokali za Kiswahili zinazokuja na glibc ni `sw_KE` na `sw_TZ`. Kwa Uganda iliyopo ni `lg_UG`, ya Luganda. Ukiweka `sw_UG`, man itakuonya `can't set the locale; make sure $LC_* and $LANG are correct`. Tumia `sw_KE.UTF-8` au `sw_TZ.UTF-8`, baada ya kuhakikisha ipo kwa `locale -a`.

Ukurasa uuweke `$P/share/man/sw/man1/salio.1`. man-db itautanguliza mbele ya ule wa Kiingereza. Mfano mfupi:

```
.TH SALIO 1 2025-03-14
.nh
.SH NAME
salio \- onyesha bando lililobaki
.SH MATUMIZI
.B salio
.RB [ \-m ]
.SH MAELEZO
Husoma kumbukumbu za modemu na kung\(aqamua
kiasi kilichobaki kwa MB.
```

Mambo matatu hapo si ya kupuuzwa. Kichwa cha `NAME` kiache hivyohivyo, kwa sababu chombo kinachojenga faharasa kinatafuta vichwa kinavyovijua, na ukiandika JINA ukurasa hautaonekana kwenye `apropos`. Thibitisha kwa `lexgrog salio.1`. `.nh` inazuia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Bila hiyo groff inatumia kanuni za Kiingereza na kuyakata maneno yetu mahali pasipo silabi. Na ng' iandikwe kwa `\(aq`, kwani kibainishi cha kawaida hutoka kama alama ya kunukuu iliyopinda, na msomaji akitafuta `ng'amua` ndani ya less haipati.

Kabla ya kuwapa wengine, pitisha ukurasa kwenye `mandoc -T lint salio.1`. Itakutajia mstari na safu ya kila kosa, hata kama kusomea unatumia man-db.